Dima ya taa ikiharibika: urudishe ya aina ileile, ubadilishe aina, au uweke swichi ya kawaida?

Dima ya taa, yaani swichi yenye kitufe cha kuzungusha kinachopunguza na kuongeza mwanga, mara nyingi hutoa dalili kabla haijafa kabisa. Taa huanza kupepesa inapopunguzwa, ukutani husikika mvumo mdogo unaokera zaidi usiku, kitufe huzunguka bila mwanga kubadilika, au taa huwaka nusu na kugoma kupanda. Mwenye nyumba huifungua, huenda nayo Kariakoo na kumwomba muuzaji ampe nyingine kama hiyo. Ununuzi wa namna hiyo ndio ninaoupinga hapa, kwa sababu katika nyumba nyingi za Dar es Salaam dima ilifungwa enzi za balbu za nyuzi, na leo darini mna taa za LED. Dima mpya inayofanana na ya zamani itarudia ugonjwa uleule hata kama imetoka kwenye boksi lake asubuhi hiyo.

Machaguo yaliyopo ni manne. La kwanza ni kurudisha dima ya aina ya zamani; la pili ni kuweka dima iliyotengenezwa kwa ajili ya LED; la tatu ni kuachana na dima na kuweka swichi ya kawaida; na la nne ni dima inayoongozwa kwa simu. Hayalingani kwa bei, wala hayalingani kwa kazi, na lililo bora sebuleni linaweza kuwa upuuzi mtupu jikoni. Kinachoamua ni taa zilizopo, waya zilizomo ndani ya boksi la ukutani, na chanzo kingine cha umeme ambacho nyumba inakitegemea pindi umeme wa TANESCO unapokatika.

Kabla ya kulaumu dima, fanya jaribio moja lisilo na gharama kubwa. Zima breka ya taa, toa balbu moja ya LED katika zile zinazoongozwa na dima hiyo, na mahali pake weka balbu ya nyuzi ya wati 60 inayoingia kwenye holda ileile, iwe ya pini au ya skrubu. Ukiwasha na kukuta kupepesa kumekoma, na mwanga unashuka na kupanda kwa utulivu, basi dima yako ni nzima. Tatizo ni kwamba mzigo wa LED ni mdogo mno kwake. Hapo utakuwa umejua kwamba kununua nyingine ya aina hiyohiyo ni kutupa fedha.

Taa zilizopo darini

Balbu za nyuzi na za halojeni zinazotumia volti 230 moja kwa moja hupungua mwanga kwa dima yoyote, kwa sababu kwao umeme hauna kazi nyingine zaidi ya kuupasha moto uzi. Taa za LED ni jambo tofauti: ndani ya kila balbu, au pembeni yake, mna kifaa cha kielektroniki kinachoubadilisha umeme wa TANESCO kuwa ule unaotakiwa na LED, na kifaa hicho ama kimeundwa kukubali dima ama hakikuundwa hivyo. Neno la kutafuta kwenye boksi ni "Dimmable". Likikosekana, au ukiona alama ya dima iliyopigwa mstari, hakuna dima duniani itakayoitendea haki balbu hiyo. Itapepesa, itavuma, na pengine itakufa mapema. Zile taa za kubana matumizi ambazo watu bado huziita enaji seva, pamoja na taa ndefu za tyubu, ziweke katika kundi la zisizokubali dima, isipokuwa kama mtengenezaji ameandika wazi vinginevyo.

Hapa ndipo dari za jipsamu zinapoleta kizungumkuti. Sebule nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni zina taa za spoti zilizozamishwa darini na taa za mkanda zilizofichwa pembeni ili kutoa mwanga wa pazia. Kila spoti huwa na kiboksi chake kidogo juu ya dari, na huo mkanda una kiboksi chake kikubwa zaidi, na mara nyingi viboksi hivyo ni vya aina isiyokubali dima kwa sababu ndivyo vilivyo rahisi kwa bei. Panda ngazi umeme ukiwa umezimwa kwenye breka, shusha spoti moja, na usome maandishi kwenye kiboksi chake kabla hujafika dukani. Ukikuta haikubali dima, swali la dima ipi ununue limekwisha: utabadilisha taa zote kwanza, au utaweka swichi ya kawaida.

Kisha jumlisha wati. Chukua wati halisi zilizoandikwa kwenye taa, usichukue zile za kulinganishia. Balbu ya LED inayosemekana ni sawa na ya wati 60 hutumia takribani wati 8 tu. Andika jumla hiyo, kwa sababu utaihitaji mara mbili, mara moja kwa kiwango cha chini cha dima na mara ya pili kwa kiwango cha juu.

Kukata mwanzo wa wimbi au kukata mwisho wake

Umeme wa nyumbani hapa kwetu ni wa volti 230 na hezi 50, maana yake ni kwamba wimbi lake hupanda na kushuka na kupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kila nusu wimbi likichukua milisekunde 10. Dima za kisasa hazizuii umeme kwa kuugeuza kuwa joto kama vidhibiti vya zamani vilivyokuwa vikifanya; huufunga na kuufungua ndani ya kila nusu wimbi, kwa kasi ambayo jicho haliioni. Mmarekani Joel Spira ndiye aliyebuni dima ya namna hiyo ya kuingia ndani ya ukuta wa nyumba, mwaka 1959, na tangu hapo mambo yamegawanyika katika aina mbili kubwa, kutegemea ni sehemu gani ya wimbi inayokatwa.

Aina ya kwanza hukata mwanzo wa wimbi: hukaa kimya nusu wimbi linapoanza, kisha hufungua ghafla wimbi likiwa tayari juu. Kwenye boksi huandikwa "Leading Edge", au hubeba herufi R na L, ambapo R inamaanisha mizigo kama balbu za nyuzi na L inamaanisha transfoma za zamani zenye chuma na koili. Ndiyo dima ya bei nafuu, ndiyo iliyojaa madukani, na kwa balbu za nyuzi haina kasoro ya kutajwa. Aina ya pili hufungua wimbi likiwa kwenye sifuri na kulikata kabla halijaisha. Kwenye boksi huandikwa "Trailing Edge", au herufi R na C, hiyo C ikihusu transfoma za kielektroniki na vifaa vinavyofanana na vile vya LED. Zipo pia zenye herufi zote tatu, R, L na C, ambazo huweza kufanya kazi kwa namna zote mbili, na hizo huwa ghali kuliko wenzake.

Tofauti hii si ya kinadharia. Kifaa kilichomo ndani ya balbu ya LED kina kapasita, yaani kijisehemu kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, na kapasita ikikutana na volti inayoruka ghafla kutoka sifuri hadi mamia huvuta umeme mwingi kwa mshtuko mmoja, mara 100 kila sekunde. Ndiyo sababu ya ule mvumo, na ndiyo sababu dima ya kukata mwanzo iliyoandikwa wati 400 haiwezi kubebeshwa LED za wati 400. Kanuni wanayoitumia mafundi makini ni kuchukua sehemu moja ya kumi: dima ya wati 400 ihesabiwe kuwa ya wati 40 pale taa zinapokuwa za LED. Ile ya kukata mwisho huipa kapasita nafasi ya kujaa polepole wimbi linapopanda, kwa hiyo ni tulivu zaidi, haina makelele, na uwezo wake kwa LED huandikwa peke yake kwenye boksi, kwa mfano wati 5 hadi 150.

Tuchukue sebule yenye spoti sita za wati 7 zinazokubali dima. Jumla ni wati 42. Dima ya zamani yenye maandishi ya wati 60 hadi 400 inashindwa pande zote mbili: wati 42 haziifikii 60 inayotakiwa ili iwake kwa utulivu, na wakati huohuo zinavuka 40 ambazo ni sehemu ya kumi ya uwezo wake. Mtu anaweza kukaa mwezi mzima akibadilisha balbu za kampuni moja baada ya nyingine akidhani amepata balbu mbovu, kumbe hesabu ilikuwa imeshamkataa tangu dukani. Dima ya kukata mwisho ya wati 5 hadi 150 inazibeba wati hizo 42 bila shida na kuacha nafasi ya kuongeza spoti nyingine baadaye.

Upo mzigo mmoja ambao kwake upendeleo wangu unageuka. Ukiwa na taa za halojeni za volti 12 zinazolishwa na transfoma nzito ya chuma, dima ya kukata mwisho haifai, kwa kuwa koili ikikatiwa umeme katikati ya mtiririko hujibu kwa kurusha volti kubwa inayoweza kuiua dima. Hapo rudisha ile ya kukata mwanzo, yenye herufi L, bila kusita. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye bado ana taa ya mapambo yenye balbu nane za nyuzi za wati 40: wati 320 zinaingia vizuri katika dima ya wati 400 ya bei nafuu, na mwanga wake ukishushwa una uwekundu mtamu ambao LED nyingi hazijaweza kuuiga. Ila taa hiyo ikiwaka kwa nguvu zote saa tano kila usiku humeza yuniti 48 za LUKU kwa mwezi, wakati balbu nane za LED za wati 4 zingemeza yuniti tano hivi. Kwa mteja wa kundi la D1, yaani la watumiaji wadogo wa umeme wa TANESCO, ambalo kikomo chake ni yuniti 75 kwa mwezi, hizo 48 ni karibu theluthi mbili ya mgawo kabla hata friji halijahesabiwa, ingawa nakubali kwamba mwenye taa ya namna hiyo huwa mara chache katika kundi hilo.

Kuhusu akiba, dima yenyewe si dawa ya gharama. Balbu ya nyuzi ikishushwa hadi mwanga wa nusu haitumii nusu ya umeme, inatumia zaidi ya hapo, kwa sababu uzi uliopoa hutoa mwanga kidogo kwa kila wati. Anayetaka kupunguza matumizi abadilishe balbu kwanza, na dima ainunue kwa ajili ya starehe ya macho.

Jambo la mwisho katika ulinganisho huu ni inveta. Nyumba nyingi jijini zina inveta na betri, na za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi, si wimbi laini linalofanana na la TANESCO. Dima zote mbili hutegemea kuona wimbi likipita kwenye sifuri kwa utaratibu ili zijue wakati wa kufungua na kufunga, na wimbi la ngazi huzivuruga: taa hupepesa, dima hupata joto, na zile za kukata mwanzo huvuma zaidi. Kama taa za sebule zimeunganishwa kwenye inveta ya namna hiyo, ninavyoona mimi ni heri kuweka swichi ya kawaida, au kuacha dima na kuitumia ikiwa imepandishwa hadi mwisho wakati wa inveta.

Swichi ya kawaida haidharauliwi

Fundi akipendekeza kuondoa dima na kuweka swichi ya kawaida, watu huona wanapokonywa kitu. Hata hivyo, jiulize ni lini mara ya mwisho mtu wa nyumba hiyo aligusa kile kitufe kwa nia ya kupunguza mwanga. Jikoni, bafuni, stoo na kwenye ukumbi mwembamba wa kuingilia vyumbani, dima ni sehemu moja zaidi ya kuharibika, na swichi ya kawaida hukubali balbu yoyote, hukubali inveta yoyote, haina kiwango cha chini cha wati na hudumu miaka mingi zaidi. Sebuleni na chumbani, pale mtu anapotazama televisheni au kumlaza mtoto, ndipo dima inapostahili nafasi yake.

Ngazi za ghorofa na kumbi zenye swichi mbili kwa taa moja zina sharti lake. Mahali hapo panaweza kuwekwa dima moja ya njia mbili upande mmoja, na upande wa pili ibaki swichi ya kawaida ya njia mbili. Dima mbili za kawaida kwenye taa moja huingiliana na hazitakiwi, isipokuwa zile zinazouzwa kwa jozi zikiwa zimeundwa kushirikiana.

Nitaje pia pangaboi, kwa sababu kosa hili hutokea. Kidhibiti cha mwendo wa pangaboi na dima ya taa hufanana kwa sura kiasi kwamba vikikaa pamoja kwenye kaunta mtu huweza kuokota chochote. Pangaboi lina mota, na mota iliyolishwa na dima ya taa hunguruma na kupata joto. Kila kimoja kikae kwenye kazi yake.

Dima ya simu

Hii hujiunga na mtandao wa Wi-Fi wa nyumbani na kuongozwa kwa programu ya simu, na nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Kizuizi chake kikubwa hakimo kwenye mtandao, kimo ndani ya boksi la swichi. Utaratibu wa ufungaji tuliourithi kwa Waingereza hupeleka nyutro, yaani waya unaokamilisha mzunguko wa umeme, moja kwa moja kwenye taa, na kwenye swichi hushushwa waya mbili tu: unaoleta moto na unaourudisha moto kwenye taa. Dima ya simu huhitaji umeme wa kujilisha yenyewe hata taa ikiwa imezimwa, kwa hiyo nyingi zinadai nyutro ambayo haipo hapo. Zipo zisizodai nyutro, nazo hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo kwenye taa, na taa za LED za wati chache huweza kubaki zinang'aa hafifu usiku kucha mpaka kiwekwe kifaa cha ziada sambamba na taa.

Kwa bahati, nyumba zetu za matofali zina faida ambayo nyumba nyingi za Uingereza hazina. Waya hapa hupita ndani ya paipu za plastiki zilizofukiwa ukutani, na paipu isipokuwa imeziba kwa saruji au kujaa waya kupita kiasi, fundi anaweza kuvuta waya wa nyutro kutoka darini hadi kwenye boksi bila kupasua plasta. Uliza hilo kabla ya kununua. Nyutro hiyo ni lazima itoke kwenye sakiti ileile ya taa hizo, isiokotwe kwenye soketi iliyo karibu, la sivyo kifaa cha kukata umeme unaovuja kitakuwa kinashuka kila mara na fundi anayefuata atakutana na waya wenye umeme mahali ambapo hautarajiwi.

Mbadala wake ni balbu za simu, ambazo hupunguza mwanga zenyewe. Hizo huhitaji swichi ya kawaida iliyoachwa imewashwa, na kamwe zisifungwe nyuma ya dima ya ukutani. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta wa mwenye nyumba, ndilo chaguo ninalolipendekeza. Akihama anaondoka na balbu zake.

Boksi la ukutani na bidhaa za kuletwa

Sahani za swichi zinazotumika hapa ni za mraba, milimita 86 kila upande, zikifungwa kwenye yale maboksi yanayoitwa tatu kwa tatu. Dima ina tumbo nene kuliko swichi ya kawaida. Boksi la kina cha milimita 16 litaikataa, lenye milimita 25 huwa linatosha kwa nyingi, na lenye milimita 35 ndilo la raha, hasa kwa dima ya simu. Pima kwa rula boksi likiwa wazi na breka ikiwa imezimwa. Kulazimisha waya zijikunje nyuma ya dima ni njia ya uhakika ya kuchubua ngozi ya waya au kulegeza skrubu ambayo hutaiona tena.

Joto lina nafasi yake katika hesabu hii, kwani dima hupoza kupitia sahani yake, na ukuta wa Dar es Salaam mwezi wa Februari haupozi kitu. Dima mbili au tatu zilizo kwenye sahani moja hazipaswi kubebeshwa uwezo wao kamili. Mtengenezaji huandika zipunguzwe kiasi gani. Nyumba zilizo karibu na bahari, kuanzia Msasani hadi Kigamboni, zina adui mwingine, ambaye ni chumvi ya hewani inayokula skrubu na maboksi ya chuma. Ukifungua ukakuta kutu ya kijani kwenye ncha za waya, zikatwe hadi kwenye shaba safi kabla ya kufungwa upya.

Sahani za chuma zinazong'aa zinapendeza, lakini zinadai waya wa ardhi, na katika maboksi mengi ya swichi za taa waya huo haukuvutwa kabisa. Kama haupo, chukua sahani ya plastiki na usijadiliane na nafsi yako kuhusu urembo. Na dima aliyokutumia ndugu kutoka Marekani iache kwenye boksi lake: imeundwa kwa volti 120 na hezi 60, na umbo lake la mstatili haliingii kwenye boksi letu. Dukani dai maandishi ya volti 220 hadi 240 na hezi 50, tafuta nembo ya TBS, na chukua risiti ya EFD, kwa kuwa dima isiyoelewana na balbu zako ni bidhaa ambayo huenda ukahitaji kuirudisha.

Fundi au mikono yako

Kazi za ufungaji umeme nchini hufanywa na watu wenye leseni ya EWURA, na kwa dima ya simu, swichi za njia mbili, au nyumba ambayo waya zake zimechanganywa rangi, sioni sababu ya mtu asiye fundi kujaribu. Kubadilisha dima moja yenye waya mbili na kuweka nyingine yenye waya mbili ni kazi ndogo kwa fundi, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kifaa chenyewe cha aina nzuri. Lakini hata ukimwita fundi, simama karibu na uangalie kama anayafanya yanayofuata, kwa maana wapo wanaofanya kazi hii umeme ukiwaka ili wasimsumbue mtazamaji wa televisheni.

Umeme uzimwe kwenye breka ya taa au kwenye meni swichi, na anayefanya kazi ahakikishe hakuna mtu wa nyumbani atakayeirudisha. Kukatika kwa umeme mtaani, au yuniti za LUKU kuisha, si kuzima: umeme unaweza kurudi wakati vidole vimo ndani ya boksi, na kijana wa nyumba anaweza kuingiza tokeni kwa nia njema kabisa. Kama kuna inveta, jenereta au umeme wa jua, navyo vizimwe, kwa sababu sakiti za taa ndizo za kwanza kuunganishwa na inveta, na kuzima meni ya TANESCO ndiko kunakoiamsha inveta hiyo ianze kulisha waya ulizodhani zimekufa.

Baada ya hapo waya zipimwe. Bisibisi ya testa yenye kitaa kidogo haitoshi. Kitaa chake huwaka kwa kupitia mwili wa mshikaji hadi ardhini, na mtu aliyesimama juu ya kiti cha plastiki akiwa na ndala anaweza kukiona hakiwaki ilhali waya una umeme. Multimita ijaribiwe kwanza kwenye soketi inayojulikana ina umeme, kisha ipime waya za swichi, kisha irudishwe kwenye soketi kuthibitisha kwamba haijafa katikati ya kazi. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha milliampia 30, ni kinga nzuri, ila hakimwokoi mtu anayeshika waya wa moto na nyutro kwa pamoja bila umeme kupita ardhini.

Rangi zisiaminiwe. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, mpya zina kahawia na bluu, na waya mweusi au wa bluu ndani ya boksi la swichi mara nyingi si nyutro, ni ule unaorudi kwenye taa ukiwa na moto kamili swichi inapowashwa. Piga picha kabla ya kulegeza skrubu yoyote, na uweke alama ya utepe kwenye waya uliokuwa kwenye tundu lililoandikwa COM kama swichi ilikuwa ya njia mbili. Waya ukishafungwa kwenye dima mpya, uvutwe kidogo kwa mkono. Ukichomoka, haukuwa umefungwa.

Breka ya ampia 6 au 10 inayolinda waya za taa haiilindi dima, kwani ampia 10 kwa volti 230 ni wati 2,300, na dima ya wati 400 itaungua zamani kabla breka hiyo haijashtuka. Kwa hiyo, baada ya kufunga, washa taa zote kwa mwanga kamili kwa saa moja, kisha weka kiganja kwenye sahani. Uvuguvugu ni wa kawaida. Shusha mwanga hadi chini kabisa, na kama taa zinapepesa hapo, tafuta skrubu ndogo ya kurekebisha kiwango cha chini ambayo dima nyingi za LED huwa nayo, uipandishe taratibu hadi kupepesa kukome. Sahani ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuiwekea mkono, zima breka, hesabu upya wati za taa zote zilizo nyuma yake, na usiwashe tena mpaka jumla hiyo iwe ndani ya kiwango cha LED kilichoandikwa kwenye dima yenyewe.